Mita Mia Nne za Ganzi: Akseli Haikurudi

Hapana. Akseli haikurudi.

Wiki nzima mmenisimamisha njiani kuniuliza, na jibu ndilo hilo. Tulimwacha Ganzi Jumamosi alasiri juu ya pikipiki yake, ameshavuka mstari wa mwisho wa mita mia nne, ameachia akseli ya mkono wa kulia ili apunguze mwendo, na injini haikusikia. Ilizidi kunguruma. Mbele yake kilibaki kipande kifupi cha lami. Baada ya lami, ukuta wa matairi chakavu. Baada ya matairi, mtaro.

Kwa wewe ambaye toleo lile lilikupita: Ganzi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne. Siku za kazi yuko chumba cha upasuaji, ndiye anayewapa wagonjwa dawa ya usingizi kabla ya kisu, na ndiyo maana wenzake wa mbio wakambandika jina hilo. Mwisho wa juma mmoja kila baada ya miezi mitatu huja kwenye uwanja huu wa ndege ulioachwa, ambako vinyozi, waashi na walimu hushindana kwa pikipiki wawili wawili, mstari mnyoofu, zawadi ni kikombe cha bati na majigambo ya wiki mbili. Baba yake, fundi pikipiki, alifariki miezi minane iliyopita. Ganzi hakutoa chozi. Tangu siku hiyo hajalia, hajakasirika, wala hajacheka kicheko kilichotoka moyoni.

Basi, turudi barabarani.

Alijua la kufanya. Kidole gumba cha kulia kilikuwa juu ya swichi nyekundu ya kuzima injini. Kubonyeza tu.

Hakubonyeza.

Aliyatazama matairi yakija. Aliona kwamba safu ya kushoto imepangwa ovyo. Aliona jani moja la nyasi limeota kwenye ufa wa lami. Sekunde ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu.

Kisha kidole kikabonyeza, kana kwamba ni cha mtu mwingine. Injini ikakata kauli. Akabana klachi, akakamata breki zote mbili, tairi la nyuma likapiga chenga na kuiacha lami. Pikipiki ikalala ubavu kwenye nyasi, ikamburuta mwenye nayo hadi kwenye matairi.

Puu!

Wa kwanza kufika hakuwa mtu wa gari la wagonjwa. Alikuwa Nati, fundi wake, mtu wa miaka arobaini na kitambi cha kutosha, aliyejifunza kazi kwenye gereji ya baba yake Ganzi na hakuondoka tena. Alikuwa amekimbia njia nzima kwa miguu.

"Usisogee! Shingo! Usiguse shingo!"

"Shingo nzima," sauti ikatoka chini ya pikipiki. "Nitolee chuma hiki mguuni, kinaunguza."

Nati akakiinua. Ganzi akaketi, akavua glavu, akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kutazama saa.

"Sabini na mbili," akasema.

"Sabini na mbili nini?"

"Mapigo ya moyo."

"Yangu yamefika mia tatu, mwanamke wewe!"

Gari la wagonjwa likafika, na nyuma yake Msimamizi Mkuu na filimbi yake shingoni. Siku za kazi huyu ni mwalimu wa nidhamu, na hata watu wazima wenye wajukuu huchomekea mashati wanapomwona anakuja.

"Kesho hupandi," alisema Msimamizi, "mpaka nione kilichokwama kimebadilishwa kwa macho yangu haya, na daktari atie sahihi. Saa nne asubuhi. Ikifika saa nne na dakika moja, nimekufuta."

"Sawa," alisema Ganzi.

"Huna swali?"

"Sina."

Msimamizi akaipapasa filimbi yake. Amezoea watu kumbembeleza. Huyu hakumpa hata kitu cha kukataa.

Walipofika kwenye turubai lao, umbea ulikuwa umeshatangulia. Kwamba saa sita mchana Kinyozi alionekana ameinama kwenye pikipiki ya Ganzi. Kwamba Ganzi ndiye pekee anayeweza kumshinda Kinyozi kesho. Kwamba mtu wa wembe hashindwi kukata kebo.

Nati akachukua spana namba kumi na tisa. Haikuwa ya kufungulia nati yoyote.

"Unakwenda wapi?" Ganzi akamuuliza.

"Kunyoa mtu."

"Fungua kwanza."

"Nifungue nini? Watu wamemwona!"

"Fungua, Nati."

Akafungua kwa hasira, akachomoa kebo ya akseli kutoka kwenye ala yake. Mikono ikaacha kufanya kazi.

Kebo haikuwa imekatwa. Ilikuwa kuukuu. Nyuzi zake mbili tatu zilikuwa zimekatika kwa uchakavu, zikachanua kama ufagio, zikajisokota mdomoni mwa ala, kebo ikashindwa kurudi. Na mwisho wake, pale inaposhikwa na kabureta, palikuwa na fundo la waya mwembamba, limezungushwa mara saba kwa uangalifu wa mtu mwenye subira.

Nati akakaa chini, juu ya ndoo.

"Ni mimi," akasema.

Ganzi akangoja.

"Nilibadilisha kila kitu. Plagi, mnyororo, breki. Kebo nikaiacha. Hilo fundo alilifunga marehemu Mzee wako kwa mkono wake. Nikaona nikiitoa..." Akaishia hapo, machozi yakaanza kumtiririka mpaka kwenye ndevu. "Kwa ajili ya waya! Nusura nikuue kwa ajili ya waya!"

Ganzi aliyatazama machozi yale kama anavyotazama dripu: yanakwenda kwa kasi gani, yatakwisha lini.

"Sawa," akasema.

"Sawa nini? Nitukane! Nipige hata kofi!"

Alijaribu. Msomaji, niamini, alijaribu. Aliitafuta hasira kama mtu anavyopapasa mkoba wenye ufunguo ndani yake, akagusa kila pembe, akatoa mkono mtupu.

"Tafuta kebo nyingine," akasema.

Nati akajifuta uso kwa tambara la grisi, akawa mweusi kuanzia paji hadi kidevu. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Na mimi nikuulize langu. Nilikuwa nimesimama juu ya gari, nakuona. Swichi ile iko chini ya kidole chako, mimi ndiye niliyeifunga hapo. Nilisikiliza injini. Ililia sekunde tatu nzima baada ya wewe kuona akseli imekwama. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natazama."

"Unatazama nini?"

"Kama nitaogopa."

Nati akasogeza ndoo karibu. "Na?"

Ganzi akaigeuza kofia yake ngumu mapajani, akachomoa nyasi iliyonasa kwenye kioo.

"Hapana," akasema.

Nje kidogo injini ya mtu ilijaribiwa, ikakohoa, ikazimika.

"Basi kesho hupandi," alisema Nati. "Saa nne ifike, ipite. Mimi sifungi kitu."

Wakati huohuo pazia la turubai likasukumwa, akaingia Kinyozi mwenyewe. Kijana wa maneno mengi, nywele zake zimechongwa kama bustani ya hoteli. Nati akanyanyuka na spana.

"Taratibu, fundi," alisema Kinyozi, mikono juu. "Nimesikia mnataka kuninyoa. Mchana niliinama pale kuchungulia saizi ya gia yenu ya nyuma. Wizi wa macho, nakiri, lakini ndiyo mbio." Akatoa mfukoni pakiti ndogo na kuirusha juu ya benchi. Kebo mpya, bado na karatasi yake. "Vipuri vya pikipiki zetu vinaingiliana. Funga."

"Kwa nini utusaidie?" Nati akauliza.

"Nikichukua kikombe mwenzangu akiwa amekatazwa kupanda, nitakaa wapi mjini? Wateja watanicheka kwenye kiti changu mwenyewe, na wembe ninao mimi."

Akaondoka alivyokuja.

Nati akaitazama ile pakiti, hakuigusa. Ganzi akachukua bisibisi, akapiga magoti, akaanza kupitisha kebo mwenyewe. Akaipitisha chini ya tangi badala ya kandokando yake. Nati akavumilia. Akavumilia tena. Akashindwa.

"Toa mikono! Utaniharibia!" Akamsogeza kwa bega. "Nafunga kwa sharti moja. Akseli isiporudi, unazima palepale. Niapie."

"Naapa."

"Usiape kama unasoma orodha ya sokoni."

"Ndiyo sauti niliyo nayo, Nati."

Akafunga.

Jumapili saa tatu na nusu daktari wa uwanja alimkunja Ganzi magoti, akammulika macho, akatia sahihi. Msimamizi alizungusha akseli kwa mkono wake mara ishirini, na mara ishirini ilirudi. Saa tano, nusu fainali, Ganzi alimshinda Mwashi kwa pikipiki nzima na kipande. Watu wakapiga mayowe. Yeye aliegesha, akanywa maji, akaketi juu ya pikipiki kusubiri fainali kama anayesubiri kuitwa benki.

Hapo ndipo alipomwona dada yake.

Huyu Dada ndiye mkubwa, amempita miaka tisa, mwenye duka la sare za shule na sauti ya kulitosha soko. Kwenye mazishi ya baba yao alilia hadi akabebwa, na tangu hapo hawajazungumza zaidi ya salamu. Sasa alikuwa anakuja juu ya changarawe, visigino vinazama, simu imeinuliwa mbele kama kielelezo cha kesi. Video ya ajali ilikuwa imeshaingia kwenye kundi la familia.

"Shuka," alisema Dada.

"Nina dakika ishirini, Dada."

"Shuka, nimesema! Tumezika mmoja mwaka huu, machozi hayajatukauka. Sisi. Wewe sijui, maana hukuyatoa."

Nati akaanza kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika.

"Najua," alisema Ganzi.

"Unajua nini? Shangazi mpaka leo ananiuliza, yule ni mtoto wa marehemu au mpita njia? Umesimama kaburini mikono nyuma kama mkaguzi! Baba anakufa mikononi mwa watu baki, wewe uko jengo lilelile, hukwenda hata kumshika mkono!"

"Nani alikwambia walikuwa watu baki?"

"Daktari! Alisema aliyempa dawa ya usingizi ni mtaalamu wa zamu."

"Zamu ilikuwa yangu."

Dada akaishusha simu.

Ganzi alisema kwa sauti anayotumia kukabidhi wagonjwa zamu inapobadilika.

"Ilikuwa Jumapili. Tulikuwa wawili, na mwenzangu alikuwa chumba cha pili na mzazi aliyekuwa anavuja damu. Baba aliletwa utumbo umeshapasuka. Sheria inakataza kumpa ndugu yako dawa ya usingizi. Daktari akaniuliza, unaweza? Nikasema naweza. Nikamwambia Baba ahesabu kurudi nyuma kutoka kumi, ndivyo tunavyowaambia wote. Akasema, 'Mwanangu, hesabu zilinishinda darasa la nne.' Tukacheka, Dada. Mimi na yeye. Kisha akaanza. Kumi. Tisa. Nane. Saba. Sita."

"Halafu?"

"Halafu akalala. Sita ndilo neno lake la mwisho. Baada ya saa mbili moyo ukasimama, tukahangaika nao, ukakataa. Sikukosea dawa. Wamezipitia karatasi zangu mara tatu, sikukosea. Lakini chumba kile ukitetemeka hufai, kwa hiyo sikutetemeka. Nilijifunga. Sasa sijui pa kufungulia."

Dada akaushika mti wa turubai.

"Miezi minane," akasema polepole. "Miezi minane nakusema kwa kila mtu. Mbona hukutamka?"

"Mlikuwa mnalia."

Filimbi ikapigwa. "Fainali! Kinyozi, Ganzi, mstarini!"

Ganzi akavaa kofia. Dada akamshika mkono wa koti, akaubana. Kisha akauachia.

Mstarini, Kinyozi alipasha tairi lake la nyuma hadi moshi ukawafunika watazamaji wa mbele, akamkonyeza Ganzi kupitia kioo. Ganzi akasogeza tairi la mbele hadi kwenye alama. Taa ya njano. Ya pili. Ya tatu.

Kijani!

Ganzi aliondoka kwanza. Wazoefu wanasema ule ndio mwanzo bora kuonekana uwanjani hapo msimu mzima: tairi la mbele lilipanda kiganja kimoja tu, likatua, akapandisha gia ya pili Kinyozi bado anapigana na ya kwanza. Mita mia. Mita mia mbili, anaongoza kwa pikipiki nzima. Mia tatu, gia ya tano, kidevu juu ya tangi, upepo unamvuta mabega.

Akaona matairi.

Yalikuwa yamepangwa upya, safi, safu ya kushoto imenyooshwa. Hayakuwa na kosa lolote. Na kitu kikaanza tumboni mwake, baridi, kikapanda kifuani, kikafika kooni kikakaa hapo. Alikitambua kwa shida, kama mtu anavyomtambua jirani aliyerudi kutoka safari ndefu akiwa amekonda.

Mkono wa kulia ukaifunga akseli wenyewe. Mita arobaini kabla ya mstari!

Akseli ilirudi vizuri kabisa. Injini ikashusha sauti. Kinyozi akampita kama anayepita nguzo, akavuka wa kwanza kwa tairi moja, na uwanja mzima ukasema "Aaah!" kwa pamoja.

Nati alifika mbio, kitambi na yote.

"Kebo?"

"Kebo nzima."

"Sasa nini? Ulikuwa umeshinda! Ulikuwa umeshamaliza kazi!"

"Niliifunga akseli mwenyewe." Ganzi alikuwa anahangaika na ukanda wa kofia chini ya kidevu, vidole vinateleza. Vilikuwa vinatetemeka, vyote kumi, vidole vinavyoingiza sindano kwenye mshipa wa mtoto mchanga bila kukosea. "Niliogopa, Nati. Nifungulie."

Nati alimtazama, akavitazama vile vidole, na uso wake ukafunguka. Akamfungulia kofia, akaishika kifuani kama kikombe walichokikosa, akaanza kucheka peke yake. "Umeogopa! Sikieni, ameogopa!" Watu wakamwona kichaa. Umati ulikuwa umemzunguka Kinyozi, wanamnyanyua juu.

Kupitia umati ule Dada akatokea. Viatu amevishika mkononi, anatembea peku juu ya lami ya moto, hajali. Uso wake haukuwa tena wa mtu aliyekuja kugombana.

"Nisikilize kabla sijaghairi," akasema. "Umesema aliletwa utumbo umeshapasuka."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umepasuka kwa muda gani?"

"Siku mbili. Labda tatu. Angewahishwa..." Ganzi akanyamaza. Sentensi hiyo hakuwahi kuimaliza mbele ya familia.

"Maliza."

"Angewahishwa, angepona."

Dada akatikisa kichwa kukubali, mara nyingi, kama anayehesabu.

"Alinipigia simu Alhamisi," akasema. "Tumbo linamkata, hawezi kusimama wima. Nikamwambia aje hospitali kwako siku ileile. Siku ileile! Akasema hana nguvu za kutembea lakini nisihangaike, yuko gereji, hayuko peke yake, kuna mtu ameahidi kumleta sasa hivi. Nikakata simu nikaendelea kushona. Miezi minane nimekulaumu wewe ili nisijilaumu mimi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini hakuletwa Alhamisi ile."

Ganzi akageuka taratibu.

Nati alikuwa ameacha kucheka. Bado ameikumbatia kofia kifuani. Kwenye gereji ile walifanya kazi watu wawili tu, na mmoja wao amezikwa.

"Nati," alisema Ganzi. "Alhamisi."

Nati hakuuliza Alhamisi ipi.